Harvard huongea kabla haijaruka

Harvard, ndege ya zamani ya kufundishia marubani wa kijeshi, husikika kabla haijaonekana. Ni mngurumo mkali wenye kukwaruza, na wengi wanaokuja kwenye maonyesho ya ndege za kivita za zamani hudhani ni injini inayopiga kelele ile. Sivyo. Injini ya Pratt & Whitney R-1340 Wasp imeunganishwa na propela moja kwa moja, bila gia ya kupunguza mzunguko katikati. Wakati wa kuruka, injini ikifika mizunguko 2,250 kwa dakika, propela ya futi 9 huzunguka mara 37.5 kila sekunde, na ncha za mapanga yake hukimbia takriban mita 323 kwa sekunde. Sauti yenyewe husafiri kama mita 340 kwa sekunde. Ndege ikishika kasi, ncha husogea karibu zaidi na mwendo huo, na hewa inayopita juu ya mgongo wa panga huuvuka. Kinacholia ni hewa inayochanwa pale nchani.

Hiyo ni sauti ya watazamaji. Fundi na rubani wana sauti zao nyingine, ndogo sana, na karibu zote hutoka ndege ikiwa bado chini. Mtu akiuliza aanzie wapi kuzijua ndege hizi, tunamwambia aanze na propela, asubuhi, injini ikiwa imezimwa.

Tunamwelekeza kwenye Harvard, si Spitfire, ile ndege maarufu ya kivita ya Waingereza, kwa sababu ya kweli kabisa: ndiyo atakayoifikia. Zilitengenezwa zaidi ya 15,000 za aina zake zote, Wamarekani wakiiita T-6 Texan na Waingereza Harvard. Jeshi la anga la Afrika Kusini liliwafundishia marubani wake hadi 1995, na mpaka leo Swartkop, karibu na Pretoria, ni mahali ambapo Harvard ni ndege ya kurushwa, si sanamu ya kupangusa vumbi. Vipuri vinapatikana. Tena karibu kila rubani wa Spitfire au Mustang, ndege ya kivita ya Wamarekani, kwenye maonyesho amepita kwanza mikononi mwa Harvard, kwa sababu haimsamehe mtu mzembe, lakini humwonya kabla ya kumwadhibu.

Turudi kwenye propela. Injini ina silinda 9 zilizopangwa duara kama miali ya jua. Za chini, hasa namba 5 na 6, zinaning'inia vichwa vikielekea ardhini. Ndege ikilala siku kadhaa, oili iliyobaki ndani ya injini huteremka polepole, hupenya kwenye ringi za pistoni na kukaa ndani ya silinda hizo. Oili haibanwi kama hewa. Ukipiga stata pistoni ikakutana na oili iliyojaa, kitu lazima kiachie: konrodi, mkono unaounganisha pistoni na krenki, hupinda au kichwa cha silinda hupasuka. Kichwa kilichopasuka ni nafuu, kwa kuwa utakiona. Konrodi iliyopinda kidogo ndiyo hatari, maana injini inaweza kuwaka vizuri, ikafanya kazi saa nyingi, kisha ikakatika siku usiyoitarajia.

Kwa hiyo propela huzungushwa kwa mkono. Kabari ziwe kwenye magurudumu, throto (kidhibiti cha nguvu ya injini) imefungwa, mafuta yamekatwa, swichi za magneto, vifaa vinavyozipa plagi cheche, zimezimwa. Hata hivyo, ichukulie propela kama injini iko tayari kuwaka. Magneto haizimwi kwa kunyimwa umeme, maana hujitengenezea wenyewe. Huzimwa kwa umeme wake kupelekwa ardhini, yaani kwenye chuma cha ndege, kupitia waya mmoja mwembamba. Waya huo ukikatika, swichi itasema imezimwa na magneto itakuwa hai. Simama mahali ambapo mwili wako ukivuta panga unaondoka nalo kwenye duara, haurudi ndani. Tumia viganja, usikunje vidole nyuma ya ukingo wa panga.

Mapanga 4 yakipita mbele yako, krenki imezunguka mara 2, na kila silinda imemaliza zamu yake yote. Ndege ikiwa imelala zaidi ya siku chache, tunahesabu 8 au 10. Mkono wako utasikia ugumu ukija na kuondoka, kila nyuzi 80 za mzunguko, silinda moja baada ya nyingine kwa mpangilio wa 1-3-5-7-9-2-4-6-8. Ugumu huo ni laini, kama kubonyeza mpira wa miguu uliojaa upepo. Ukikutana na ukuta, yaani panga limegoma ghafla bila kudunda, simama hapohapo. Usitumie nguvu wala usiite mtu wa pili akusaidie. Na usirudishe propela nyuma ukidhani umepona. Kuirudisha husukuma oili kwenye bomba la kuingizia hewa, ikakae huko isubiri injini iwake ili inyonywe tena ndani kwa kasi. Fungua plagi za chini za silinda za chini, weka kopo, acha oili imwagike yote, zungusha tena mpaka iishe, kisha rudisha plagi kwa washa mpya za shaba. Ni kazi ya nusu saa. Wanaoikwepa kazi hiyo ni wale ambao ratiba ya maonyesho inawaita.

Mkono huohuo unaweza kukuambia mengine. Ugumu mmoja ukiwa mlegevu kuliko wenzake, vuta polepole na mwenzako ategeshe sikio. Mzomeo ukisikika kwenye bomba la moshi, valvu ya moshi haifungi. Ukisikika kwenye kabureta, ni valvu ya kuingizia. Ukitoka kwenye bomba la kupumulia la injini, ringi zimechoka. Kipimo cha shinikizo utakifanya baadaye kwa vifaa, lakini tayari unajua uanzie silinda ipi.

Kuwasha kwenyewe hakuna maajabu, ila moto. Mafuta ya kwanza yakipampiwa mengi mno, hukusanyika chini na injini ikikohoa yanashika. Mwenye mtungi wa kuzimia asimame pembeni ya bawa, si nyuma, mahali ambapo rubani anamwona. Moto ukishika kwenye njia ya hewa, rubani asiache stata. Aendelee kuzungusha injini ili iunyonye moto ndani. Hili ni gumu kwa mtu mgeni, kwa sababu silika yote inamwambia aache kila kitu akimbie. Litamkwe kwa sauti kabla ya kuwasha, kila mara. Moshi wa buluu-nyeupe kwa sekunde chache za mwanzo ni ile oili ya silinda za chini inayoungua, usiogope. Tazama geji ya oili: isiponyanyuka ndani ya sekunde 30, zima.

Injini ikishapata joto, kuna kipimo kimoja tunachokipenda kuliko vyote, na hakihitaji kifaa chochote kipya. Kabla hujawasha, soma geji ya shinikizo la menifoldi, yaani bomba la kuingizia hewa kwenye injini. Injini ikiwa imesimama, geji hiyo inakusomea shinikizo la hewa ya mahali ulipo: pwani utaona karibu inchi 30 za zebaki, Nairobi karibu inchi 24.5. Andika namba hiyo. Ukiwa kwenye kipimo cha mwisho kabla ya kuruka, fungua throto mpaka geji irudi kwenye namba ileile, kisha soma mizunguko. Injini yenye afya itakupa karibu mizunguko ileile leo, kesho na mwezi ujao. Ikishuka kwa 100 na propela haijaguswa, kuna nguvu imepotea mahali. Uwanja uwe juu au chini, kipimo hiki hakidanganyi, maana kinajilinganisha na hewa ya siku hiyo. Baada ya hapo ndipo uzime magneto moja moja, na mizunguko isishuke zaidi ya 100, tena ishuke kwa ulaini. Ikishuka kwa kutetemeka, plagi mojawapo kati ya 18 inakuita.

Mambo ya magneto na plagi yanaonekana madogo mpaka usome ripoti. Oktoba 2, 2019, B-17, ndege ya zamani ya mabomu iliyokuwa imebeba abiria, ilianguka Connecticut ikijaribu kurudi uwanjani, wakafa watu 7. Wachunguzi walikuta kwenye injini namba 4 waya wa kuzimia magneto umeshikizwa kwa waya wa kufungia na umegusa chuma, na kwenye injini nyingine plagi zenye nafasi iliyopita kiwango. Hakuna kilichoshindikana kuonekana kwa spana, tochi na fila geji, kile kipimo cha nafasi ya plagi.

Oili ikimwagwa, usiharakishe kuweka mpya. Toa kichujio, kioshe kwa petroli kwenye sahani safi nyeupe, pitisha petroli hiyo kwenye kitambaa, kisha kaa chini na taa. Vipunje vyeusi vikivunjika kati ya vidole ni masizi tu. Visivyovunjika, pitisha sumaku chini ya sahani. Vikifuata ni chuma: ringi, gia au beringi za gololi. Vikibaki na kung'aa kama dhahabu ni bronzi ya bushi. Vikiwa vyeupe, vyembamba kama magamba ya dagaa, ni aluminiamu, na hapo macho yaende kwenye pistoni. Punje mbili tatu kwa injini iliyofunguliwa karibuni si kesi. Hifadhi kila mkupuo kwenye mfuko mdogo wenye tarehe na saa za injini, kwa sababu swali la maana ni kama safari hii ni vingi kuliko ile iliyopita.

Hapa niseme kitu ambacho marubani waliotoka kwenye ndege za kisasa hukichelewa. Ndani ya injini ya duara, silinda zote 9 hazina konrodi sawa. Kuna konrodi mama moja inayoshika krenki, na nyingine 8 zimepachikwa kwenye kichwa chake. Beringi ya konrodi mama hubeba mzigo wa wote. Imezoea pistoni zikiisukuma. Rubani akipiga mbizi throto ikiwa imefungwa, upepo ndio unaozungusha propela na propela inaiburuta injini. Mzigo hugeuka upande, na oili inayokaa kati ya beringi na krenki husogezwa pasipozoeleka. Kanuni ya zamani ni rahisi kukumbuka: kila mizunguko 100 ipewe angalau inchi 1 ya menifoldi. Mizunguko 2,000, usishuke chini ya inchi 20. Anayetaka kushuka haraka apunguze mizunguko kwanza. Kwenye onyesho lenye mbizi nyingi, kanuni hii peke yake inaokoa injini, na injini ya kufufuliwa upya ni gharama inayoweza kufunga kikundi kizima.

Sasa bawa. Bawa la nje la Harvard limeshikwa kwenye kipande cha kati kwa safu ya bolti zinazopita kwenye pembe za aluminiamu, yaani vipande vilivyokunjwa kama herufi L, juu na chini, zikifunikwa na ukanda wa bati. Mwaka 2005, huko Florida, bawa la ndege ya aina hii lilikatika angani. Ufa wa uchovu wa chuma ulikuwa umeanza kwenye pembe ya chini, ukakua taratibu chini ya rangi. Tangu hapo Marekani iliamuru pembe hizo zipimwe kwa rangi ya kupenya inayong'aa, na zirudiwe kila saa 200 za kuruka.

Kipimo hicho tumeona kikiharibiwa na usafi. Fundi mwenye bidii huchukua msasa au brashi ya waya, akaisugua pembe mpaka ing'ae. Aluminiamu ni laini. Ukiisugua inajipaka yenyewe juu ya ufa na kuuziba mdomo. Rangi haipenyi, taa haionyeshi kitu, na ndege inaondoka na cheti. Rangi ya zamani itolewe kwa dawa ya kuyeyusha, pembe ioshwe, ikauke kabisa. Paka rangi ya kupenya, ipe muda ulioandikwa kwenye kopo lake bila kuupunguza, futa kwa kitambaa kisichoacha nyuzi. Usimimine kiyeyushi moja kwa moja juu ya pembe, utaifua rangi hata iliyo ndani ya ufa. Paka unga wa kuivuta, zima taa za hangari, washa taa ya zambarau. Ufa hutokea kama uzi mwembamba wa kijani, mara nyingi ukianzia kwenye tundu la bolti au kwenye kona ya mkunjo wa pembe. Doa la mviringo linaweza kuwa kutu au mkwaruzo. Uzi haubishaniwi. Pembe hubadilishwa.

Nusu ya mbele ya mwili wa Harvard ni fremu ya mabomba ya chuma, nyuma ni aluminiamu. Kutu ya nje utaiona. Ya ndani ya bomba haionekani, na huanzia pale chini kabisa, mabomba yanapokutana, ambako unyevu hutuama. Gonga kwa nyundo ndogo ukisikiliza: bomba zima hulia, lililoliwa hutoa mlio mfu. Mafundi wa zamani walimimina mafuta ya kitani ndani ya mabomba, wakayageuza, wakayamwaga na kuziba tundu, na utaratibu huo bado unafaa. Mahali chuma kinapokutana na aluminiamu pawe na kizuizi, rangi au gundi, la sivyo unyevu ukiingia katikati yao aluminiamu ndiyo italika. Kule nyanda za juu za Afrika Kusini hewa kavu inasaidia sana. Mtu akitaka kuiweka ndege kama hii Mombasa au Dar es Salaam, ahesabu kuiosha kwa maji matamu mara kwa mara, na matundu ya kutolea maji kwenye tumbo la nyuma ayazibue kwa kijiti kila wiki. Tumbo hilo hukusanya oili, vumbi na maji, mchanganyiko unaogandamana kama ugali wa jana.

Vitambaa nitapita haraka. Usukani wa mkia, vinyanyuzi na vigeuzi vya mabawa vimevikwa kitambaa, na kila ukivika upya au kupaka rangi, pima mizani ya kipande hicho kabla ya kukirudisha. Koti moja la rangi nyuma ya bawaba linatosha kukifanya kitetemeke kwa kasi kubwa mpaka kijing'oe.

Rubani mgeni ana mitego yake. Tangi la kushoto ndilo lenye akiba, takriban lita 75, na swichi ina nafasi yake ya akiba. Akiwa kwenye "kushoto" injini itazimika mafuta yakiwa bado yamo, naye atadhani tangi limekauka. Injini hunywa kama lita 110 hadi 130 kwa saa kwenye mwendo wa safari, zaidi kwenye onyesho. Miguu ya magurudumu ikishushwa, asiamini taa na honi peke yake: juu ya kila bawa kuna kidirisha kidogo cha kuonea pini inayofunga mguu, na anatakiwa ageuze shingo aitazame pini yenyewe, kushoto kisha kulia, kila mara.

Na akishagusa ardhi, kazi ndiyo inaanza. Uzito wa ndege uko nyuma ya magurudumu makubwa. Mkia ukikengeuka kidogo, uzito huo unataka kutangulia, na ndege hugeuka kama pia. Bawa hugusa chini, mguu hubeba mzigo wa pembeni ambao haukuumbiwa. Dawa ni miguu ya rubani kufanya kazi kwenye pedali mapema na kidogo kidogo, mpaka ndege isimame kabisa. Ikitokea imegeuka, hata kama imesimama bila mkwaruzo, isemwe. Mficha maradhi kilio humfichua: mshiko wa mguu kwenye kipande cha kati cha bawa lazima ufunguliwe utazamwe, na fundi hatautazama kama hakuambiwa. Kikundi kinachomfokea rubani aliyekiri kimejifundisha chenyewe kutoambiwa tena.

Kuhusu onyesho lenyewe, kwa nchi zetu za milimani jambo la kwanza ni hewa nyembamba. Uwanja wa Wilson, Nairobi, uko karibu futi 5,500. Siku ya nyuzijoto 25, ndege huhisi kama iko futi 8,000. Geji ya mwendo ikisoma ileile unayoizoea pwani, ndege kwa kweli inakwenda kasi zaidi kwa kama asilimia 13, na duara la wima hupanuka kwa mraba wa mwendo. Duara lililokula futi 1,000 pwani, likivutwa kwa uzito uleule na geji ileile, litakula karibu futi 1,270 Nairobi. Na injini, kwa hewa ileile nyembamba, ina nguvu pungufu za kukupandisha. Anayeleta onyesho lake kutoka usawa wa bahari bila kulipiga hesabu upya analeta tofauti ya futi 270, na futi hizo zote ziko chini, upande wa ardhi.

Harvard zilizowahi kufanya kazi Kenya zilikuwa huko huko juu. Kuanzia 1953 hadi 1955 kikosi namba 1340 cha jeshi la anga la Uingereza kiliziruka kutoka Thika na baadaye Mweiga, karibu na Nyeri, zikiangusha mabomu ya ratili 20 kwenye misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya wakati wa vita vya Mau Mau. Tunaoipenda ndege hii tunapaswa kulisema hilo palepale tunapotaja mafunzo na urembo wake. Mtoto wa Kikuyu akimuuliza babu yake kuhusu ndege ya njano iliyoko uwanjani, jibu la babu ni sehemu ya historia ya ndege hiyo sawasawa na namba ya injini yake. Ndege ya mabomu ya Waingereza, Lancaster PA474, nayo, moja kati ya mbili tu duniani zinazoruka hadi sasa, baada ya vita ilitumwa na kikosi namba 82 kupiga picha za ramani Afrika Mashariki na Kusini, kazi ya amani iliyosaidia kuiepusha na nyundo ya wauza vyuma chakavu.

Turudi kwenye duara la wima la onyesho. Kipimo chake kinaitwa lango: kileleni, kabla hujageuza pua kuelekea chini, unasoma urefu na mwendo, na vyote viwili viwe ndani ya namba ulizoandika chini. Kimoja kikikosa, hushuki kwa duara. Unaibingirisha ndege mpaka tumbo lirudi chini na kuondoka. Agosti 22, 2015, huko Shoreham, Uingereza, ndege ya jeti ya zamani, Hawker Hunter, iliingia kwenye mchezo wake ikiwa na mwendo wa noti 310 (maili za baharini kwa saa) badala ya 350, ikafika kileleni futi 2,700 wakati kiwango cha chini kilikuwa 3,500. Ilikamilisha mzunguko hata hivyo, ikaangukia barabara ya A27, wakafa watu 11, wote nje ya uwanja. Septemba 14, 2003, Mountain Home, Idaho, rubani wa F-16 wa Thunderbirds, kikosi cha maonyesho cha jeshi la anga la Marekani, alikosea kimo cha uwanja kutoka usawa wa bahari katika hesabu yake. Akageuka futi 1,670 juu ya ardhi badala ya 2,500. Alijirusha akapona. Hesabu ya urefu ifanywe na watu wawili, kila mmoja peke yake, kisha walinganishe karatasi. Na namba za lango ziandikwe kwa kalamu nene kwenye karatasi ya pajani, kwani mtu aliyebanwa na uzito mara nne ya mwili wake hafanyi hesabu kichwani.

Kwa ndege nyingi angani pamoja, kinga ni mpango wa urefu uliokubaliwa mkiwa mmekaa kwenye viti. Novemba 12, 2022, Dallas, ndege ndogo ya kivita P-63 iliigonga B-17 mbele ya watazamaji, wakafa watu 6. Uchunguzi ulionyesha kuwa hapakuwa na mpango wa kutosha wa kuzitenganisha ndege. Zilitegemea maelekezo ya redioni papo hapo. Ndege kubwa ipewe urefu wake, ndogo zake, na njia za kuvuka zichorwe ubaoni. Asiyehudhuria kikao asiruke, hata akiwa mwenye ndege, hata akiwa amechelewa kwa dakika 5. Neno la kusimamisha onyesho liwe moja, kila mtu awe na haki ya kulitamka, na likitamkwa hakuna kuuliza sababu mpaka wote wametua.

Kwa wapiga picha, kwa kuwa hutuuliza kila mara: kasi ya kamera ya 1/1000 ya sekunde huigandisha propela, na ndege huonekana kama ya plastiki iliyoning'inizwa kwa uzi. Kwa mizunguko 2,000, kwa 1/125 panga husafiri robo ya duara na kidogo. Kwa 1/60 hupita nusu, na kwa kuwa mapanga ni mawili, duara lote hujaa. Fuata ndege kwa kiuno, si kwa mikono, na utegemee kupoteza picha nyingi.

Ndege ikirudi kwenye maegesho isizimwe mara moja. Iachwe dakika chache kwenye mizunguko ya chini ikiwa imeelekea upepo, mpaka geji ya joto la vichwa vya silinda itulie. Kabla ya kuzima, rubani azime magneto zote kwa nukta moja na kuwasha tena: injini ikikata, waya wa ardhini ni mzima, na yule atakayeshika propela kesho asubuhi ana kinga yake. Isipokata, kipachikwe kibao chekundu kwenye propela hapohapo, kabla watoto hawajaruhusiwa kusogea kupiga picha. Kisha karai chini ya injini, tumbo lifutwe oili ikiwa bado ya moto, na kiasi cha oili kilichoongezwa kiandikwe kwenye kitabu pamoja na jina la aliyekiongeza.